Picha ya Baba Mdogo Juu ya Kiti

Baba alikuwa mtu wa kuonyesha magofu. Wakati ule wa Wabelgiji, wageni waliofika Kasongo walipenda kupelekwa kwenye mji wa kale wa Waungwana, wale wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka pwani, ambako zilibaki kuta za udongo zilizoanguka nusu, makaburi, na misingi ya nyumba kubwa. Baba aliwatangulia akifyeka nyasi kwa panga na kuwaeleza: hapa palikuwa baraza, hapa ghala la pembe, hapa walichota maji. Wageni walipiga picha, wakaenda zao. Baba alipokufa, muda mfupi baada ya mama, kazi hiyo ilichukuliwa na mdogo wake, baba mdogo wetu. Akachukua na michikichi ya baba.

Michikichi ile ndiyo ilikuwa ikitulisha. Mimi nilikuwa mkubwa. Niliacha shule ya masista ili wadogo zangu wapate kula, nikalima mihogo katika shamba la mama, na kila mgeni alipotarajiwa nilikwenda kufyeka majani kwenye magofu. Jioni baba mdogo alipita mbele ya nyumba yetu na madebe ya mawese, na wadogo zangu wakamtazama huku wakila sombe kavu, majani ya mihogo yasiyo na tone la mafuta.

"Baba mdogo, utupatie hata chupa moja," nilimwambia.

"Mawese iko ya marehemu," alijibu. "Mie naichunga tu. Matanga hayajaisha."

Matanga hayakuisha kwa sababu yeye ndiye hakutaka yaishe. Ukoo wetu ni wa Kabambare, na kwetu mtu mwenye mali akifa huacha kiti chake. Ndugu anayekaa juu ya kiti hicho amefunga matanga na kupokea yote, mashamba pamoja na watoto. Hawezi kupokea kimoja na kuacha kingine. Na akishakaa, kuinuka mwenyewe hakumwondoi juu ya kiti. Asiyetaka watoto huinuliwa kwa mkono na mtoto mkubwa wa marehemu, mbele ya ukoo, na tangu hapo mali ni ya watoto, naye haruhusiwi kuokota hata chikichi moja lililoanguka.

Baba mdogo alitaka michikichi bila sisi. Kwa hiyo alikizunguka kiti kile kama mtu anayezunguka moto. Kiti nilikitunza mimi, kimefunikwa mkeka. Nilimchukia baba mdogo taratibu, kila siku, kama mtu anavyopalilia shamba, na nilingoja.

Ndipo akaja Mzungu wa picha. Alitumwa na nyumba moja ya Ulaya inayokusanya vitu vya kale, akaja na kamera kubwa ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika. Alipomaliza kupiga picha kuta, alitaka watu walete vitu vya zamani kutoka majumbani mwao. Alivipanga mbele ya ukuta kimoja kimoja, na baba mdogo, amevaa kanzu safi, akawa mweleza mambo.

"Chungu hiki, Bwana, kilikuwa cha sultani."

"Sultani gani?" alisema mama mmoja jirani. "Chungu changu hicho! Nilikinunua kwa mufinyanzi, angali hai!"

Watu wakacheka. Baba mdogo akaendelea kama hakusikia. Asubuhi nzima alikuwa akimwambia Mzungu kwamba yeye ndiye mkubwa wa ukoo wake, mwenye kujua kila kitu.

Nikaweka kiti mbele ya ukuta. Baba mdogo akarudi nyuma hatua moja.

"Hii ni nini?" aliuliza Mzungu.

"Kiti tu, Bwana. Cha zamani."

"Bwana," nikasema mimi, "ukikipiga picha kitupu, watu wa kwenu watafikiri ni kinu. Mukubwa akae juu yake, waone kazi yake."

Mzungu aliitazama kanzu ya baba mdogo, akaridhika. "Kaa."

"Bwana, kuna desturi..."

"Desturi gani? Eleza."

Hapo angeweza kujiokoa. Lakini kueleza kungekuwa kusema, mbele ya majirani wote, kwamba anawakimbia yatima wa kaka yake huku akinywa mafuta yao.

"Anaogopa!" alisema yule mama. "Anajua masultani wote, anaogopa kiti!"

"Mumuache," akaitikia mwanamume mmoja. "Anahurumia kiti, matako yake yatakivunja."

Baba mdogo akaniinamia. "Hii kazi ya Muzungu," alininong'oneza. "Si mambo ya ukoo. Unasikia?"

"Nasikia, Baba mdogo."

Akakaa. Alipokwisha kukaa aliona raha, akaweka mikono magotini na kuinua kidevu. Mzungu akajifunika kitambaa chake. Kisha baba mdogo akasimama mwenyewe na kupangusa kanzu.

Mzungu aliponiuliza nataka nini kwa kazi ya kufyeka, nilimwomba picha hiyo. Ilichelewa sana, hata nikadhani nimedanganywa, lakini ilifika na lori la misheni, ndani ya karatasi ngumu. Niliitazama nikatabasamu peke yangu, jambo nililokuwa nimelisahau.

Nikachukua picha, kiti na wadogo zangu wote, tukatembea hadi Kabambare. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akawaita wazee wa ukoo, nao wakamwita baba mdogo. Alikuja amekasirika.

Picha ilipitishwa mkono kwa mkono. Mzee mmoja alikuwa na shaka. "Foto ni kivuli. Kivuli kinaweza kukaa?"

"Matako haya si kivuli," alisema Shangazi. "Niliyabeba mugongoni, ninayajua." Akamgeukia mdogo wake. "Ulikaa ao hukukaa?"

"Muzungu alinikalisha."

"Alikushika mabega?"

"Alisema tu."

"Na nani alikuinua?"

"Niliinuka mwenyewe."

"Basi ungali umekaa," alisema Shangazi. "Watoto iko wako tangu siku ile. Uwapeleke kwako leo, ao uinuliwe."

Baba mdogo aliwatazama wadogo zangu waliojipanga kwenye mkeka, mdogo kabisa akijikuna tumbo. Akachagua kuinuliwa.

Kiti kikawekwa katikati ya uwanja, juani. Akakaa, akanyoosha mkono. Watu wote wakanitazama mimi. Sikusimama. Niliomba maji, nikanywa polepole, nikawapa wadogo zangu nao wanywe. Jasho likamchuruzika hadi kwenye kola ya kanzu.

"Niinue, mwanangu."

"Mwanao nani?"

"Mutoto wa kaka yangu. Niinue."

"Kwanza sema mawese ni ya nani."

"Ni yenu."

"Wamama wa nyuma hawajasikia."

"Ni yenu!" alipaza sauti.

"Inatosha," alisema Shangazi.

Kwangu haikutosha, lakini nilimheshimu Shangazi. Nikaushika ule mkono uliolowa, nikauvuta.

Watu huniambia kwamba baada ya miaka yote hii ningekuwa nimeshasamehe. Sijui wanataka nisamehe kwa ajili ya nani. Wadogo zangu wamekua, na hakuna hata mmoja aliyekulia kwenye mlango wa mtu mwingine.

Siku tulipokata mikungu yetu ya kwanza ya chikichi, niliwaambia tupike mawese mbele ya nyumba, upande wa njia, si nyuma kama wafanyavyo wengine. Harufu ilifika mbali. Jioni baba mdogo akapita, akapunguza mwendo. Mdogo wangu mmoja akainuka ili amkaribishe. Nikamwambia aongeze kuni.