Mtazamaji wa Kiwanda cha Pamba

Mashine za kiwanda cha kuchambua pamba nilikofanya kazi hapa Bariadi zilipounganishwa na kompyuta, wafanyakazi tuligawiwa ruhusa. Mtaalamu aliyetoka Mwanza alitueleza kwa upole kwamba ngazi ni tatu. Mtazamaji anaona kila kitu kwenye skrini na hagusi chochote. Mwendeshaji anawasha na kuzima. Msimamizi anafanya yote hayo, na ni yeye pekee anayeweza kuifungua mashine ikijifunga kwa hitilafu.

"Ngazi zifuate kazi ya mtu," alisema. "Anayeshinda na mashine ndiye apewe usimamizi."

Meneja wetu alimtazama kama mtu aliyeambiwa akae kwenye mkeka huku fundi wake amekalia kiti. Usimamizi akauchukua yeye, ambaye hakuwahi kuingia chumba cha mashine bila kuziba pua kwa leso. Uendeshaji akampa mhasibu, kwa kuwa ana stashahada, na dereva wake, kwa kuwa ni mtu wa karibu. Mimi, niliyezihudumia mashine zile tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikawa mtazamaji. Kila asubuhi mhasibu alikuja kubonyeza kitufe, kisha akaenda kunawa mikono. Nilimshukuru Mungu. Ukatekista wangu kanisani umenizoesha kuona mengi nisiyoweza kuyabadilisha.

Mwishoni mwa msimu meneja alikwenda msibani Kimali, yeye na dereva wake. Saa nne asubuhi donge la pamba likakwama kwenye misumeno, mashine ikajifunga. Nililitoa kwa kulabu, kazi ya dakika tano. Skrini ikabaki nyekundu: mwite Msimamizi. Mhasibu alibonyeza mpaka akachoka. Simu ya meneja haikupatikana.

Ghala lilikuwa limejaa, na pamba ya wakulima wa Zagayu ilikuwa imelala uani bila kifuniko. Wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa Ngulyati. Pamba ikilowa inakataliwa, na jasho la mwaka mzima linakwenda nayo.

Mama mmoja aliyeileta yake kwa mkokoteni wa ng'ombe akasimama mlangoni.

"Baba, mashine imekufa?"

"Haijafa, mayu. Inasubiri ruhusa."

"Ya nani?"

"Ya meneja. Yuko msibani."

"Na wewe hapo unafanya nini?"

"Natazama."

"Hata ng'ombe wangu anatazama, baba. Ila yeye anavuta na mkokoteni."

Saa tisa meneja akapatikana. Mhasibu akamwomba nywila yake.

"Nywila ipi?" akauliza meneja.

Tangu apewe usimamizi hakuwahi kuingia hata mara moja. Bahasha aliyoachiwa na mtaalamu ilikuwa chini ya kiti cha gari, haijafunguliwa, nayo ilikuwa Kimali pamoja naye. Kabla hajaifuata garini, simu ikakatika na haikupatikana tena.

Mfukoni nilikuwa na ufunguo wa kanisa la kigango chetu, ng'ambo ya barabara. Padri alinikabidhi zamani akasema nisiupoteze, basi. Nikaenda kufungua. Wakulima wakabeba pamba kwa mashuka, kwa khanga, kwa viroba, wakiimba, wakaijaza kanisani mpaka karibu na altare. Tone la kwanza lilidondoka yule mama akivuka barabara na shuka la mwisho kichwani.

Kesho yake meneja alirudi, akampa mhasibu bahasha aifungue, mashine ikawaka. Kisha akaniita.

"Mzee, nani alikuruhusu kutoa pamba kiwandani?"

"Nilikuwa natazama, meneja. Nikaiona mvua."

Alitafakari sana. Baada ya wiki moja nikapandishwa cheo: Mtazamaji Mkuu. Cheo changu kikaandikwa juu ya skrini kwa herufi nene, na vitufe vile vile vikaendelea kunikatalia. Usimamizi alibaki nao yeye, na bahasha, aliniambia dereva, ilirudishwa chini ya kiti.

Namwombea kila Jumapili. Nyuzi za pamba bado naziokota kwenye mabenchi.