Vumbi la Uyoga

Uyoga mbichi una harufu ya udongo uliolowa na unga wa mahindi uliokaa siku nyingi. Harufu hiyo ikinifikia hata leo, sokoni au jikoni kwa mtu, narudi Paya, kijijini kwetu, kwenye msimu wa mvua ambao watu waliacha kuja kwetu. Tulikuwa watatu nyumbani: mimi, nyanya, na baba, aliyekuwa akipima malaria katika kituo cha afya. Mama alikuwa ameshafariki. Rafiki nilikuwa naye mmoja tu, Athieno wa nyumba ya jirani, wala sikuona haja ya kutafuta mwingine.

Mvua ikinyesha, uyoga mdogo mweupe ulifumuka kandokando ya vichuguu kama wali uliomwagika. Siku moja nyanya aliuchuma, akampa Athieno bakuli ampelekee mama yake. Kwetu anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, ili moyo wako utulie. Lakini uyoga mbichi nani huuonja? Jioni ile nyumba nzima ya akina Athieno ilitapika, jasho na mate yakiwatoka. Walipona wote, namshukuru Mungu, ila neno lilikuwa limeshatoka: kizee amelisha watu sumu. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Baba aliomba uyoga uliobaki bakulini. Akalaza vile vikofia juu ya vioo mpaka asubuhi, vidondoshe vumbi lake, kisha akaniita kituoni nichungulie kwenye hadubini. Vumbi la uyoga wa nyanya lilikuwa na rangi ya waridi hafifu, chembe zake laini mfano wa mayai. Lakini vikofia vingine, vyeupe vilevile kwa macho, viliacha vumbi la kahawia, na chembe zake zilikuwa na vinundu kama tangawizi. Baba alisema huo hauoti kichuguuni. Alikuwa ameuona chini ya misonobari ya kanisa tu, ng'ambo ya njia yetu. Nani aliuchanganya, hatukujua.

Akaenda mpaka mlangoni kwa jirani. "Mama Athieno, kuja uone. Uyoga iko mbili, si moja."

"Mimi nitaona nini kwa hiyo chuma?" alijibu. "Nimeona watoto yangu."

Athieno alikuwa nyuma yake, akitazama miguu yake mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tuliwaambia, na hakuja hata mmoja. Nyanya akachuma mwingine, akaupika kwa karanga uani, karibu na njia, akauonja kwa mbwembwe kila mpita njia aone. Watu walipita wakitazama upande wa pili. Msimu ule wote nilicheza duka peke yangu, mimi muuzaji na mimi mnunuzi, nikijipunguzia bei mwenyewe. Upweke ule uliniuma sana. Nyanya alikufa bila jirani yeyote kula tena kilichotoka mkononi mwake.

Sasa kutambua uyoga ndiyo kazi yangu, mjini, kwa hadubini nzuri kuliko ile ya baba. Anayetaka kuona nilichokiona namtumia picha kwenye simu. Hakuna anayelazimika kuja, na kweli hawaji. Juzi iliingia picha kutoka namba nisiyoijua: uyoga mdogo mweupe, na kuuzunguka, majani makavu ya msonobari.

"Dada, ni mimi Athieno. Ni hii nilichuma nikaongeza kwa njia, bakuli ijae. Niliogopa kuambia mama. Ndiyo hii?"

Nikamwandikia kwamba kwa picha siwezi kujua, na asiupike. Lazima nilione vumbi lake.

Akajibu: "Basi kuja uone."

Maneno ya baba, yaleyale. Baba na nyanya wamelala makaburini nyuma ya migomba, na mlango uliokuwa umefungwa hatimaye umefunguliwa. Wa kuingia nimebaki mimi peke yangu.