Kwenda Kukaa Naye

Fundi cherehani, jirani yangu, hukata uzi kwa meno, kisha hulaza kiganja juu ya nguo kama anayepima homa. Binti yake alipougua, kila Ijumaa fundi alikipeleka kigauni cha mtoto huyo kanisani kiombewe. Tulimzika mtoto na kigauni hicho. Ijumaa iliyofuata nilimkuta fundi akifunga mlango, mikono mitupu.

“Bado unamwendea Mungu, mwenzangu?” nikamuuliza. “Si alikunyima?”

“Alininyima,” akasema polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. “Lakini siku zote nilimwendea na haja, nikaondoka. Sijawahi kukaa naye. Leo naenda kukaa tu.”

Akashika njia. Kiganja chake kilikuwa wazi ubavuni, pale binti alipozoea kukishika.