Kimya Nilichokikata Hagadera

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mashine yoyote. Mhandisi Mkuu wa Sauti, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akanivisha hedifoni zilizonibana masikio, akaniambia nisikilize hotuba ya afisa mmoja wa kilimo, saa nzima. Ilipokwisha akaniuliza, "Umesikia nini?" Nikaanza kumweleza habari za mbolea.

"Mbolea sikukuuliza," akasema. "Msemaji alikohoa mara ngapi? Karatasi aligeuza wakati gani? Mlango uligongwa upande gani?"

Sikujua. Akarudisha utepe mwanzo, nikakaa tena.

Ndivyo mimi, Wakesho, binti wa Taita, nilivyoingia kazi ya kunasa sauti. Wenzangu wanaume walisema nisingemaliza mwezi. Nilimaliza miaka thelathini na moja, na baadhi yao niliwaaga mimi walipoacha kazi. Nyinyi vijana mnaonyanyua simu mkarekodi harusi nzima mkiwa mnakula pilau, nivumilieni nikieleza mambo ya mashine, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini nililia mbele za watu.

Nilikaa Nairobi miaka miwili, halafu Nakuru chini ya Msimamizi wa Studio aliyekuwa akisinzia hotuba zikiendelea, na akiamka anajua pale pale mahali palipoharibika. Kisha ikaja barua ya mistari mitatu: Garissa. Hiyo ilikuwa mapema miaka ya tisini. Vita vya Somalia vilikuwa vimejaza wakimbizi kambi za Dadaab, na ofisi yetu ilihitaji mtu wa kunasa mikutano ya wakuu, ya mashirika na ya wazee. Niliikunja ile barua nikanuna siku tatu. Garissa yenyewe sikuwa na habari nayo, ila joto lake nilikuwa nimesikia.

Joto lilikuwa kweli, tena nililoambiwa lilipunguzwa. Lakini kazi niliipenda. Nilipewa mashine ya rili, ya betri, nzito mithili ya gunia la mahindi, yenye mkanda wa kuning'iniza begani. Utepe ulitoka gurudumu la kushoto, ukapita kwenye kichwa cha mashine, kile kipande cha chuma kinachoandika sauti, ukajikunja gurudumu la kulia. Mbele kulikuwa na sindano ndogo. Mtu akisema inaruka, akinyamaza inalala. Jicho langu liliishi kwenye ile sindano.

Utepe ulikuwa adimu. Rili moja, yaani gurudumu moja la utepe, ilichukua nusu saa, na tulizifuta tukazitumia tena mpaka zikaanza kutoa vumbi la kahawia. Kwa hiyo Afisa Habari wa Mkoa, bosi wangu wa Garissa, alikuwa na sheria moja tu. Mkutano wa kule unakwenda hivi: mkuu anasema kwa Kiswahili, ananyamaza, mkalimani anawaza, anatafsiri kwa Kisomali, mzee anajibu, kimya tena. Sheria yake ilikuwa kwamba sindano ikilala unasimamisha mashine, ikiamka unawasha.

"Wakesho, mimi sitaki kuletewa upepo wa Dadaab ofisini," aliniambia. "Niletee maneno."

Nikawa hodari. Kidole changu kilijua kusimamisha kabla kichwa hakijafikiri. Mkutano wa saa mbili nilikuwa naurudisha kwenye rili mbili, na hakuna neno lililopotea. Nilijivuna nalo hilo, sitaficha.

Sasa kulikuwa na kikundi cha muziki Hagadera, mojawapo ya kambi za Dadaab, wanaume watano. Kiongozi wao alikuwa Maalim Warsame, aliyesomea fidla ng'ambo kwa walimu wa ule muziki wa zamani wa Kizungu unaosomwa kwenye karatasi, kisha akaufundisha Mogadishu kabla ya vita. Vijana wawili walipiga gita za umeme, wa tatu gita ya besi, wa nne ngoma. Hawakuimba hata neno. Wimbo mmoja ulichukua robo saa, pengine zaidi: fidla inaanza chini kabisa, gita moja inaijibu, ya pili inaingia, halafu taratibu kila kitu kinapanda mpaka unahisi mabati ya shule yatang'oka. Kila Alhamisi alasiri walipiga kwenye uwanja wa shule, na watu walikuja na mikeka.

Mara ya kwanza nilimuuliza Maalim mwimbaji wao yuko wapi, kama mjinga.

"Mwimbaji ilikuwa Sahra, mke yangu," alisema. "Yeye nakufa njiani, kabla ya Liboi, mpakani. Mahali yake sisi hatupi mtu mwingine. Tunaacha wazi."

Nilimwambia pole. Akanishukuru, akaendelea kukaza nyuzi.

Kisha vijana wa gita wakapata nafasi ya kwenda ng'ambo, mmoja nchi hii, mwingine ile. Basi la kuwapeleka uwanja wa ndege lingeondoka Ijumaa alfajiri. Maana yake kikundi kilikuwa kinakufa Alhamisi. Shirika moja likakubali kutoa kaseti zao, albamu ya onyesho la mwisho lenyewe, na wakaniomba ninase. Afisa Habari akanipa rili tano mpya, akazishika kidogo kabla ya kuziachia.

Nilifika mapema. Maikrofoni mbili nilizisimamisha karibu na wapigaji, mimi nikakaa pembeni yao, karibu na jenereta, maana kivuli kilikuwa hapo tu. Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri mno mpaka nikaanza kutabasamu peke yangu.

Wimbo wa nne, ndio mrefu kuliko yote, ulipanda, ukapasuka, ukashuka. Ngoma ikanyamaza. Gita zikanyamaza. Sindano ikalala. Kidole kikafanya kazi yake.

Nikavua hedifoni, nikaanza kuandika jina la wimbo kwenye boksi. Niliuona upinde wa Maalim unatembea polepole juu ya nyuzi, nikadhani anapima kama ziko sawa. Jenereta ilikuwa inanguruma mgongoni mwangu, sikusikia kitu. Niliandika, nikanywa maji, nikamwangalia mbuzi mmoja aliyeingia uwanjani. Halafu ngoma ikapigwa mara moja kwa nguvu, gita zote mbili zikalia, na mimi nikaruka kama niliyeumwa na nge. Wimbo haukuwa umekwisha. Nilikuwa nimekata katikati yake dakika sita hivi.

Niliwasha mashine. Walipomaliza kabisa, watu wakisimama na kupeana mikono na wale vijana, nilikwenda kwa Maalim moja kwa moja. Ningeweza kunyamaza. Lakini angekuja kuisikia kaseti, na mimi ningekuwa Garissa nimejificha.

"Maalim, nimeharibu. Ule wa nne nimeukata. Baada ya ngoma kunyamaza mpaka iliporudi, sina kitu."

Aliniangalia. Akaketi juu ya boksi la amplifaya.

"Hapo ndiyo Sahra," akasema.

Niliomba wapige tena, japo kipande hicho tu. Mwenye jenereta alikuwa ameshaizima, amplifaya za kuazima zilikuwa zinapakiwa kwenye mkokoteni wa punda, na dereva wetu alikuwa anapiga honi, kwa sababu magari yote yalitakiwa yaondoke na msafara wa askari kabla jua halijatua. Machozi yakanitoka. Nilijichukia kwa kulia, nikalia hivyo hivyo.

Ndipo akaja Mama Dahabo. Alikuwa muuza maziwa ya ngamia sokoni, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru. "Abaayo, dada, nini nalia? Nani nakufa?"

Maalim akamweleza kwa Kisomali. Mama akanipima kwa macho, kisha akafungua shuka aliyokumbatia. Ndani kulikuwa na redio-kaseti ya betri.

Watu wa kule hawakuandika barua, walizisema. Unaiwasha redio, unamwamkia mwanao aliye ng'ambo, unamweleza nani kaoa na ngamia gani kazaa, na kaseti inasafiri na mtu anayeaminika. Mama Dahabo alikuwa ameleta barua yake aimalizie pale uwanjani, ili mwanawe asikie muziki wa Maalim, halafu ampe kijana wa gita aende nayo. Tangu mwanzo wa wimbo wa nne hakuwa ameizima.

"Lakini humu iko maneno ya mwanangu," akasema, ameikumbatia. "Mambo ya nyumba. Hii si ya serikali."

"Mama, nitachukua muziki tu. Kaa hapa ushike kitufe wewe mwenyewe. Mimi ukiniambia funga, nafunga."

Akaketi chini kando yangu. Nilimwendea mkubwa wa askari, nikamwomba dakika kumi, akaniambia nane. Nikaunga waya kutoka redio yake mpaka mashine yangu. Mama akarudisha kaseti mpaka mahali pake, akabonyeza. Sindano ikaamka.

Fidla ilikuwepo, mbali, lakini safi. Na chini yake kulikuwa na kitu kingine. Nilibana hedifoni masikioni. Wanawake. Wale waliokaa nyuma kwenye mikeka, Mama Dahabo akiwa katikati yao, walikuwa wanaimba midomo imefumbwa, sauti ya puani, wote pamoja, wakiifuata fidla. Maikrofoni zangu zisingewapata hata kama ningekuwa macho, kwa vile zilikuwa mbele mno.

Nilizivua hedifoni nikamvisha Maalim. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akamgeukia Mama Dahabo, akauliza jambo kwa sauti ndogo, naye akajibu huku amekiweka kidole kwenye kitufe. Kijana wa ngoma akanitafsiria. Maalim aliuliza: mlikuwa mnaimba sehemu ya Sahra? Mama alijibu: kila Alhamisi, tangu mwanzo. Wewe uko mbele na jenereta inanguruma, utasikia wapi?

Maalim aliweka mikono juu ya hedifoni, akazikandamiza, akakaa hivyo mpaka mwisho. Askari walipiga honi. Nikazima mashine, na Mama Dahabo akatoa kaseti yake akaikagua kama iko salama.

Nilipofika Garissa niliukata utepe kwa wembe, nikaunganisha vipande. Afisa Habari alisikiliza akasema hapo katikati sauti imebadilika. Nikasema ndiyo, imebadilika. Hakuuliza zaidi. Kaseti zilitoka, zikatapakaa Dagahaley, Garissa, mpaka Eastleigh.

Baada ya hapo nilihudumu Mombasa na Nairobi tena, nikafundisha wengi, nikastaafu. Sasa niko Voi, nafuga kuku, masikio yangu bado mazima. Mwaka jana simu iliita, mtu akajitambulisha kuwa ni mtoto wa Mama Dahabo, yule wa ng'ambo. Mama alikuwa amefariki. Barua zake zote, akasema, zilikwisha kwa kuchezwa, utepe umekatika, hazitoi kitu. Iliyobaki ni albamu ile, kile kipande cha katikati, ambapo anaitambua sauti ya mama yake miongoni mwa wale wanawake. Alinitafuta muda mrefu anishukuru kwa kumhifadhia sauti hiyo.

"Mwanangu," nilimwambia, "mimi pale ndipo nilipozima mashine. Aliyenasa ni mama yako."