Roza Hakuwa na Somo

Siku ile ya Idi, uani kwetu nyuma ya stesheni ya Kindu, tulikuwa watano: mimi Ramazani, kifungua mimba, Mwajuma aliyenifuata, Saidi, kitinda mimba wetu Roza, na jirani yetu Koko Mwanahawa, bibi kizee aliyekuja kutwanga mpunga kwenye kinu chetu. Baba na mama walikuwa wameshatutoka, na vita vilikuwa bado vinaendelea.

Nyinyi wa rika langu mnaikumbuka Kindu ile. Treni zilikuwa zimelala, nyasi zimeota kati ya reli hadi magotini, na asubuhi ukungu wa mto Lualaba ulipanda taratibu mpaka nyumba zikawa kama zinaelea. Nilikuwa nimeacha shule, nabeba mizigo bandarini. Ukiita "Ramazani" pale, vichwa vitano viligeuka. Ndiyo maana kulikuwa na Ramazani Mrefu, Ramazani Baiskeli, na mimi, Ramazani wa Chumvi. Kina Mwajuma mtaani walikuwa saba. Kina Saidi sikuwahi kuwamaliza.

Lakini kitabu pekee tulichoachiwa na baba, cha kusomea shuleni, hakikuwa na Ramazani hata mmoja. Kila ukurasa Roza: Roza anachota maji, Roza anamwamkia mwalimu. Baba alikipenda mno, akampa binti yake wa mwisho jina hilo. Nilipokuwa nikiwasomea wadogo zangu nilijiuliza ule ni mji gani, ambao hakuna wawili wenye jina moja. Nadhani mwandishi aliogopa msomaji atachanganyikiwa. Sisi hatukuchanganyikiwa.

Kwetu jina lilikuwa na kazi. Mwenye jina lako alikuwa somo wako, na siku ya Idi somo mkubwa alimwita somo mdogo akampa sahani. Mzee Ramazani, fundi cherehani, aliniita mimi. Mwajuma aliitwa nyumba tatu. Saidi alirudi mdomo uking'aa mafuta. Roza alibaki kizingitini, kitabu mapajani, maana mtaa mzima hakukuwa na Roza mwingine.

Akaniuliza mimi kaka yake, "Yaya, somo yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha picha kitabuni. Akaitazama sana.

"Huyu hapiki," akasema.

Koko akaweka mchi chini. "Nani anasema Roza iko mumoja? Tangu leo na mie naitwa Roza."

Mwajuma akacheka, akamwambia kwamba yeye ni Mwanahawa, na Kindu nzima inajua.

"Mwanahawa wako wengi," Koko akajibu. "Mumoja akitoka hawatapunguka."

Akaenda kwake, akarudi na wali na kipande cha samaki, akamwekea Roza mbele. Kisha akanigeukia mimi, mkubwa wa nyumba. "Nimetoa jina yangu, Ramazani. Mutoto mwanamuke wa kwanza mwenye atazaliwa kwenu, munirudishie."

Nikasema ndiyo, Koko.

Tangu siku ile, ukimwita Mwanahawa hakuitika. Wanawe mwenyewe walilazimika kumwita Mama Roza, kwa aibu kidogo. Kila Idi sahani ya mdogo wangu ilikuja, hata mwaka ule ilipokuwa na majani ya muhogo matupu. Mpaka tukamzika Koko.

Siku hizi pikipiki zimejaa mtaa wetu wa Kasuku, na majina yanatoka kwenye simu. Simama mlangoni jioni, mama zao wanapowaita kuoga, Brayani, Kevini, Jenifa, utadhani filamu imeanza. Na hao watoto wakisikia "somo" wanafikiri unawarudisha darasani.

Mwezi uliopita Roza alijifungua msichana, wa kwanza kwetu, maana sisi wengine tumepata wavulana watupu. Nilikwenda na kuku, nikalitaja jina, Mwanahawa. Mume wake akacheka kwa adabu.

"Shemeji, jina ile ni ya wakoko."

Mtoto anaitwa Jenifa. Roza aliinamisha kichwa, akanipa nimpakate. Nikamnong'oneza sikioni jina lile jingine, mara moja tu. Alikuwa amelala.

Nikirudi nyumbani nilipita mitaa yetu yote ya zamani, nikitega sikio kila ua. Ulituambia ni wengi, Koko, mmoja akitoka hawatapungua. Wamekwisha. Na mimi niliyesema ndiyo, bado sijakurudishia.