Mkono wa Riek

Tangu duka la Riek Kolstee lifungwe, Jumamosi katika barabara yetu hapa Winterswijk zimekuwa bubu. Palipokuwa na santuri sasa panauzwa miwani, na wauza miwani hawapigi muziki. Unasikia baiskeli tu zikipita juu ya mawe.

Kwa Riek hukununua kitu bila kukisikia. Aliitoa santuri kwenye jalada, akaifuta vumbi, akaishusha sindano kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha, miaka ya themanini ilipoanza, vidole vile vikaanza kutetemeka. Daktari alisema ugonjwa huo hautamuua, lakini hautapona. Sindano ikawa inaruka na kukwaruza, na santuri iliyokwaruzwa haina mnunuzi.

"Riek, hiyo ni kwaya au unanoa panga?" aliuliza Berend Wassink, mfugaji wa ng'ombe, mteja wake tangu ujana.

"Ni kwaya. Wamekuona ukiingia."

Tulicheka. Binti yake, Ineke, hakucheka.

"Mama, uza duka. Wote wanauona mkono wako, hakuna anayesema."

Riek alikunja kitambaa chake, akakikunjua. Duka lile alilifungua baada ya kufiwa na mume. Hakuwa na jingine la kumwamsha asubuhi.

"Ngoja Pasaka ipite," alisema.

Kabla ya Pasaka aliletewa mashine ya sidii, ya kwanza mjini kwetu. Alibonyeza kitufe, trei ikatoka. Mkono ulitetemeka kama kawaida, kisahani kikagonga ukingo, kikayumba, kikatulia mahali pake. Trei ikarudi ndani yenyewe. Filimbi ikaanza kulia, safi, bila hata chembe ya mkwaruzo. Riek alibaki ameushikilia mkono wake kwa ule mwingine, akisikiliza.

Berend alikohoa. "Na upande wa pili?"

"Haina upande wa pili."

"Basi nitalipa nusu."

Lakini mashine zilikuwa ghali, nani wa kwetu angekuwa na hata moja? Sidii zilikaa rafuni hazijaguswa, na Ineke akaanza tena habari ya kuuza. Jumamosi moja Berend aliweka guldeni zake mezani, bei kamili, akachukua ile ya filimbi.

"Nikufungie?" Riek akamuuliza.

"Ya nini? Nyumbani sina mashine. Iweke hapo nyuma yako. Nitakuwa nakuja, unanipigia."

"Hapa si baa, Berend."

"Najua. Baa wana kahawa ya kunyweka."

Juma lililofuata mke wa mwokaji mikate alifanya vivyo hivyo, kisha mwalimu wa kinanda, kisha mimi. Sisi ambao mgeni akija tunampa biskuti moja na kufunga kopo, tulinunua muziki tukauacha dukani. Hakuna aliyeutaja mkono. Ineke alitazama ile rafu ya nyuma ikijaa, siku moja akaleta viti kutoka nyumbani, akatuambia tusogee.

Duka lilidumu miaka mingi baada ya hapo. Leo nasikia watu wakisema sidii zilikuwa na sauti baridi, kwamba ziliuondolea muziki roho. Huenda. Mimi nazishukuru.

Riek ana miaka themanini na kitu. Anaishi Aalten, mji wa jirani, katika nyumba ya wazee, ghorofa ya pili.