Birika la Bibi Hajira

Choo cha Ramadhan Mdoe kilikuwa na kiu kuliko ng'ombe. Ukikiflashi mara moja kinabugia nusu dumu, kinanguruma weee, kisha kinanyamaza kumsubiri mwingine aje. Ramadhan alikijenga kwa mikono yake mwenyewe, na tuseme haki, kikajengeka: marumaru nyeupe kutoka chini hadi dirishani, bomba la mvua juu, sinki la kunawia lenye ua la bluu. Yeye ni fundi wa marumaru huko Kilole, Korogwe, na watu anaowafanyia kazi kule wakifungua bomba maji yanatoka. Akatamani na kwake Chanika, hapa Handeni mjini, mambo yawe hivyohivyo. Vyote alivileta, akasahau maji.

Maji ya Chanika hutoka siku yanayotaka yenyewe. Kiangazi hiki yalikuwa hayajatoka kwa wiki tano, kwa hiyo choo cha kisasa kilinyweshwa na shingo ya mkewe, Maryamu. Madumu sita kwa siku kutoka kisimani, na njia ya kurudi ni ya kupanda. Maryamu ana miaka arobaini na minane. Watoto wameshatawanyika, wa mwisho, Sabiri, yuko shule ya bweni. Nyumbani amebaki yeye na mkwewe, Bibi Hajira, na huyo Ramadhan anayefika Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri.

Mwezi wa saba shingo ilikataa. Aliamka akashindwa kugeuza kichwa, mkono wa kushoto unamwasha hadi vidoleni. Daktari alimwambia asibebe tena kitu kizito kichwani. Hakumwambia abebe wapi. Maryamu alirudi nyumbani, akakaa kwenye ndoo aliyoifudikiza bafuni, akayatazama yale marumaru kwa muda mrefu, na hapo ndipo alipotunga sheria zake.

Tangi la choo alilifungia maji, likabaki pambo. Anayeoga asimame ndani ya karai, na maji yanayobaki karaini yaingie kwenye ndoo nyekundu, hayo ndiyo ya kumwaga chooni. Bomba la mvua likageuzwa la kuanikia taulo. Mswaki, kikombe kimoja, basi. Maji ya kusuuzia nguo mara ya mwisho yatumike kusugulia sakafu. Haja ndogo haina haja ya ndoo nzima, kopo moja linatosha, na vipande vya sabuni visitupwe, viingie kwenye soksi kuukuu vimalizikie humo. Karibu na ndoo nyekundu akaweka ndoo ya bluu yenye mfuniko. Hiyo ni maji safi, na humo ndimo anamojaza birika la udhu la Bibi Hajira.

Madumu yakashuka kutoka sita hadi matatu. Msidhani alishangilia. Matatu nayo ni madumu, na shingo ilimuuma vilevile, ila sasa aliweza kulala ubavu mmoja. Kwa Maryamu huko kulikuwa kupona, na hakuwa na nguvu za kudai zaidi.

Ramadhan ndiye hakupenda. Jumamosi ya kwanza alisimama mlangoni mwa bafu, taulo kiunoni, akilitazama karai kama mtu aliyeitiwa kesi.

"Mama Sabiri, mimi ndiyo wa kuogea kwenye karai? Fundi mzima?"

"Karai halijui fundi, Baba Sabiri. Ingia uoge."

"Watu watasema nimejenga choo cha maonyesho."

"Waambie waje na dumu wakiflashi."

Alioga nje ya karai, kwa makusudi, na maji yote yakaenda na bomba la taka. Maryamu alimwacha. Kugombana nako kunataka nguvu, naye zake alikuwa amezipangia safari za kisimani.

Wiki ya nne ndipo alipogundua jambo la birika. Kila asubuhi alizoea kulijaza, na mchana tena, maana Bibi Hajira hajakosa sala tangu Maryamu alipoolewa. Lakini sasa alilikuta limejaa. Siku ya kwanza alidhani amejaza akasahau. Siku ya tatu alitia alama ya mkaa ubavuni. Siku ya tano maji yalikuwa palepale kwenye alama, na mkeka wa sala ulitandikwa mara tano kama kawaida.

Bibi Hajira ana mtoto wa jicho, watu anawatambua kwa sauti. Kama hatumii birika, basi anachota kwenye ndoo, na kama mfuniko wa ile ya bluu unamsumbua, basi anachota kwenye nyekundu. Maji ya watu waliokwishaoga! Udhu kwa maji hayo si udhu, na sala ya mwenye udhu huo si sala. Wiki nzima ya sala za mwanamke wa miaka themanini, zimeharibika kwa sababu mkwe wake alitaka kupunguziwa madumu. Aliona aibu. Hakuthubutu kumuuliza, akasubiri Jumamosi amwambie mumewe.

Ramadhan alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama.

"Sasa yamekwisha. Kesho hiyo ndoo nyekundu naitoa nje, tangi linafunguliwa, choo kinaflashiwa kama nilivyokijenga. Siwezi kumpoteza mama yangu kwa ajili ya karai."

"Na maji ataleta nani?"

Jibu wote walikuwa nalo.

Maryamu alijiona tayari njiani, madumu sita, ule mlima. Ukweli ni kwamba alitaka kulia, lakini kabla hajalia alitaka kujua. Asubuhi, jua limeshachomoza, alimfuata mkwewe aliyekuwa ameketi barazani akiota jua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Shingo imeamkaje?"

"Ipo, Mama. Nisamehe nikuulize. Udhu wako unachukua maji ya ndoo gani?"

Bibi Hajira aliguna kitu kwa Kizigua, kisha akanyoosha mkono ashikwe. Akamwongoza Maryamu, kipofu akimwongoza mwenye macho, hadi nyuma ya nyumba, kwenye ule ukuta wa udongo ambao Ramadhan hajaupiga lipu. Ramadhan naye akawafuata. Kwenye ukuta, kimo cha kifua cha bibi kizee, palikuwa na alama za viganja viwili. Hazikuwa za siku moja. Vumbi lilikuwa limekwanguka pakabonyea.

Alikuwa akitayamamu. Akipiga viganja ukutani, akipaka vumbi usoni na mikononi, twahara ambayo dini imemruhusu aliyekosa maji.

"Mama," Ramadhan alisema, "hiyo ni ya asiye na maji. Maji si yapo?"

"Yapo wapi?"

"Bafuni. Birika limejaa."

"Yapo kichwani kwa mke wako," Bibi Hajira alisema. "Mimi macho sina, masikio ninayo. Nasikia anavyolitua dumu. Anatua, anakaa, hapumui, halafu anapumua. Maji ya namna hiyo mimi siyahesabu kuwa yapo. Mwenyezi Mungu ataniuliza, nitamjibu mwenyewe."

Maryamu alilia hapohapo, amesimama, bila kujifunika uso. Alilia kwa kuchoka, na kwa kusikiwa.

"Mama," alisema alipoweza, "udhu wako ni makopo mawili tu. Haya mengine nimeshayapunguza. Usinipunguzie hayo."

Bibi Hajira alipapasa ukuta, akarudi barazani kwake.

Ramadhan hakuitoa ndoo nyekundu. Alichukua madumu mawili akaenda kisimani, mkono huu moja, mkono huu moja, mwanamume wa watu, akapumzika mara nne njiani, na jioni hakuweza kukunja vidole. Hakuomba radhi, si mtu wa hayo. Jumatatu alfajiri Maryamu alikuwa macho kitandani akimsikiliza akijiandaa kwenda Korogwe. Alisikia karai likiburutwa sakafuni. Alisikia maji yakimwagwa kwenye ndoo taratibu, na mtu anayeogopa kumwaga hata tone akisonya alipomwaga.

Kulipokucha aliingia bafuni. Ndoo nyekundu ilikuwa imejaa hadi juu. Birika aliliinua kwa mikono miwili, kwa mazoea ya uzito wake, na nusura limruke mkononi. Lilikuwa tupu, na nyayo za maji zilielekea chumbani kwa Bibi Hajira.

Shingo ilimuuma vilevile. Akachukua dumu, akashika njia ya kisimani.